Kiganja cha Nyongeza

Baba alipofariki, watu wa sokoni walikuja msibani wakizungumzia mkono wake. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kina mama, nikawasikia wanaume kule nje wakisema, "Yule mzee alikuwa na mkono, bwana," halafu wanatikisa vichwa. Mgeni angeshangaa. Mimi nilielewa, nikalia upya.

Baba aliuza dagaa wa Ziwa Nyasa pale sokoni Songea mjini tangu sijazaliwa. Akishapima, mizani imetulia, mteja anafungua pochi, mkono wa kulia wa Baba ulikuwa unarudi kwenye gunia wenyewe, unachota kiganja kizima na kumwaga juu ya mfuko. Hiyo ndiyo nyongeza. Kila muuzaji wa soko lile anatoa, na mteja asipopewa anaidai bila haya, lakini wengi wanatoa kwa vidole vitatu kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Baba alitoa kiganja, na kiganja chake kilikuwa cha mtu aliyeshika jembe. Mama, aliyekaa naye kwenye ile meza miaka yote, aliuchukua mwendo uleule wa mkono.

Tulimzika makaburi ya Mshangano, karibu na shamba letu. Kaburi la udongo, msalaba wa mbao. Matanga yalipoisha, rambirambi ikabaki kidogo, Mama akaifunga kwenye pindo la khanga na kusema mbele ya ndugu wote, "Hii ni ya kumjengea. Haiguswi."

Kwetu kaburi la udongo ni la kushikiza tu. Linavumiliwa, halafu watu wanajikusanya, wanaita fundi, linajengwa kwa tofali na saruji, katekista anakuja kulibariki. Ila Mama alikuwa na haraka yake. Tulipokwenda kupalilia tulikuta mchwa wameshapanda msalabani, wamekula herufi za mwanzo za jina la Baba. Makaburi mengine yalikuwa yanasogea kila upande, na mvua za huku mnazijua, tuta lilishaanza kusinyaa. Mama alisimama akiangalia ule msalaba, akasema, "Zikinyesha msimu mmoja tu, nitakuja hapa na maua yangu nisijue niyaweke wapi." Tangu siku ile hakuwa na wazo lingine. Kaburi liishe kabla ya mvua.

Tukamwita fundi, jirani yetu, mtu mzima aliyekuwa mteja wa Baba. Alipima, akapiga hesabu, akataja gharama. Rambirambi iliyobaki ilikuwa nusu yake. Ndugu walishachanga, usingeweza kumgongea mtu mlango tena. Miguu ya Mama ilikuwa imeanza kuvimba, hawezi kukaa sokoni kutwa nzima, na meza ya Baba ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Ndipo nikasema, "Mama, tuuze kwa simu."

Mimi kazi yangu ni kusuka nywele kwenye saluni moja hapa Mfaranyaki, na simu haikauki mkononi. Nilikuwa naona watu wa Dar kwenye soko moja la mtandaoni wanavyolilia dagaa Nyasa. Huku kwetu tunawanunua kwa jumla kwenye magari yanayotoka ziwani, kule wanauziwa kama dhahabu. Nikamweleza Mama utaratibu. Unapiga picha, unaweka bei, mteja analipa kwa wenye soko, wenyewe wanachukua chao, wanakuwekea kilichobaki. Mzigo unaupeleka ofisi ya usafirishaji mjini, unapanda basi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na hiyo hela ya kaburi ikiingia humo, itatoka?"

"Itatoka imeongezeka," nikasema. Nilikuwa na uhakika, jamani. Kilo tunanunua elfu kumi, tunauza elfu kumi na sita. Mtoto wa darasa la pili angekwambia faida ni elfu sita.

Mama alifungua pindo la khanga. Tukanunua magunia mawili, pindo likabaki na kiasi.

Na biashara ikaenda! Mama alikaa barazani na ungo wake, anapembua mchanga na vijiti, anatoa dagaa waliovunjika vichwa, halafu anapima kwenye mizani ya Baba. Mizani ikitulia kwenye kilo, mkono wake unarudi kwenye gunia. Kiganja kizima. Nilikuwa namwona, na wala sikuwaza kitu. Nani angewaza? Nyongeza ni nyongeza.

Wateja wa Dar walichanganyikiwa kwa furaha. Walikuwa wanaandika chini ya tangazo letu: dagaa safi, hawana mchanga, na mama anaongeza. Nyota tano. Nyota tano. Mama macho yake hayasomi maandishi madogo ya simu, kwa hiyo kila jioni nikitoka saluni alikuwa ananiuliza, "Wamesemaje leo?" Namsomea. Kuna mmoja, dada wa Dar, aliandika kwamba hajawahi kupewa nyongeza na mtu asiyemwona, na kwamba akifungua mfuko anamkumbuka bibi yake. Hiyo Mama alinirudisha niisome tena. Akatazama pembeni, akasema, "Hiyo ni ya baba yako." Sikumwona akitabasamu tangu msiba isipokuwa kwa mambo hayo ya nyota.

Simu nayo ilikuwa inaonyesha mauzo kwa maandishi makubwa ya kijani. Yanapanda tu. Hela ikiingia, Mama alikuwa haniachi nipumue. "Katoe." Kwake hela iliyo kwenye simu bado si hela, mpaka aishike. Mfuko mmoja ukiuzwa, naihamisha kwenye simu, nakwenda kwa wakala, nakatwa, namletea. Anaikunja, anafunga pindo.

Baada ya mizigo kadhaa, siku moja dereva wa gari la dagaa akapiga simu, mzigo mpya umefika. Tukafungua khanga tununue magunia mawili kama kawaida. Hela ikatosha gunia moja na kipande.

Mama alihesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili. Nami nikahesabu. Tukanunua hicho kilichotosha, Mama akatia ungo wa kwanza apembue. Barazani hakukuwa na gunia lingine, wala hatukuwa tumenunua hata kitenge. Tulikuwa tumeuza kila kitu, nyota tano zimejaa, na hela ya kaburi ilikuwa imepungua.

Mama akaniangalia. Hakuinua sauti. Angeinua sauti ningemshukuru.

"Niambie ukweli, mwanangu. Hela ya baba yako umeila?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, hata wateja wangu wa saluni wanajua. Lakini lile swali halikuja na hasira kwanza. Lilinikata maini. "Mimi, Mama? Mimi nile kaburi la Baba?" Nikasimama, nikapiga teke ungo ukaruka na dagaa wake, nikatoka. Nilitembea mpaka saluni nikasuka mtu kichwa kizima bila kusema neno, maskini yule dada aliona ninavyomvuta akavumilia tu. Nilikuwa naumia kwa sababu nilielewa kwa nini ameuliza. Hela inatoka mkononi kwake inapita kwangu, inarudi pungufu. Wewe ungemuuliza nani?

Kwa hiyo kesho yake sikwenda saluni. Nilisema, leo nitaufuata mfuko mmoja tangu barazani mpaka hela yake irudi, nimjue mwizi.

Sikufika mbali. Pale ofisi ya usafirishaji, dada wa kaunta aliuweka mfuko kwenye mizani yao ya umeme, nikamwona anaandika kilo mbili.

"Mbili za wapi, dada? Hiyo ni kilo moja."

"Imezidi."

"Si kidogo tu!"

"Kidogo, ndiyo. Uzito wa mfuko wanausamehe, ila mzigo wenyewe ukizidi kilo hata kiganja, unahesabiwa kilo ya pili. Mteja anakuwa kalipia nauli ya moja, hiyo nyingine wanakukata wewe muuzaji."

"Tangu lini?"

Akaniangalia kwa huruma. "Tangu mmeanza. Mifuko yenu yote inazidi. Nikajua mmependa wenyewe."

Khaa! Nilitaka kumrukia, na hakuwa na kosa lolote. Nilikaa kwenye benchi lao nikafungua simu, safari hii sikuangalia yale ya kijani. Nilishuka chini kabisa, kwenye maandishi ya kijivu ambayo wameyaandika kama wanaona aibu. Makato yalikuwepo yote. Hakuna aliyeyaficha, ila hakuna aliyeyapigia kelele pia.

Nyumbani nilimkuta Mama kakaa palepale, hajapika. Hatukusalimiana. Nikachukua ungo, nikachota dagaa, nikagawa mafungu madogo kumi na sita.

"Mama, hii ndiyo kilo yetu moja. Kila fungu elfu moja. Elfu kumi na sita, mteja kalipa."

Akasogea.

Nikatoa mafungu kumi. "Haya ya mwenye gari, tulikonunulia." Nikatoa mawili. "Haya ya wenye soko. Kila tunachouza wanakata, tuuze ghali, tuuze rahisi." Nikatoa nusu fungu. "Mfuko na gundi." Nikatoa fungu jingine, nikaacha dagaa wachache. "Kuhamisha na kutolea. Kila ukiniambia katoe, hiyo." Nikachukua mafungu mawili na nusu kwa mkupuo. "Haya ni ya kilo ya pili."

"Kilo ya pili ipi? Sisi tumeuza moja."

"Ya nyongeza, Mama. Kile kiganja kinafanya kilo moja iwe mbili. Tunakatwa sisi."

Kwenye ungo palibaki dagaa wachache, hawafiki kufunika kiganja cha mtoto.

"Na bado," nikasema, "hicho kiganja chenyewe hatujakilipia. Kinaweza kuwa fungu zima. Toa sasa."

Mama alitazama ungo. Akasema, "Hawatoshi," na mkono wake wa kulia ukainuka, ukaenda kwenye gunia kuchota wa kujazia.

Nikaushika pale pale, katikati.

"Hapo, Mama. Hapo ndipo hela inapokwenda. Kila mfuko tunajazia kutoka kwenye gunia. Na gunia hilo ni kaburi la Baba."

Mkono wake ulikuwa baridi. Hakuuvuta. Tulikaa hivyo, mimi nimemshika, dagaa wanatiririka kidogo kidogo kati ya vidole vyake. Halafu akasema, "Nisamehe, mwanangu," na mimi nikasema, "Nami unisamehe kwa ungo," na tukaacha hapo. Lile neno la wizi halikurudi tena mdomoni mwa mtu yeyote nyumbani mwetu.

Mtu atasema, si mngepandisha bei? Nilimwambia Mama hivyohivyo. Tuweke elfu ishirini, nyongeza iwe ndani, na kilo ya pili iwe ndani, mteja alipie mwenyewe. Alifikiria kweli, hakunipuuza. Mwishowe akasema, "Ikishalipiwa siyo nyongeza. Hao ni dagaa tu." Nikamwomba tujaribu siku chache tu, akakubali. Na tulipojaribu hiyo bei, simu ililala kimya, wengine walikuwa wanauza kumi na sita.

Kwa hiyo ilibaki njia moja, na mvua zilikuwa zinakaribia. Mama ndiye aliyeisema, mimi nisingethubutu. "Basi tusiweke."

Sijawahi kushinda ubishi ukanitia uchungu kama ule. Asubuhi iliyofuata nilichelewa kwenda saluni makusudi, nimwone. Alipima. Mizani ikatulia. Mkono ukaanza safari yake, ukafika ukingoni mwa gunia, ukasimama. Akaufuta kwenye khanga, akaniambia, "Funga." Mfuko wa pili, hivyohivyo. Ukaanza, ukasimama. Ilimchukua muda mrefu mkono ule kujifunza kukaa, na mimi nilikuwa nageuza uso.

Hela sasa ilianza kulala nyumbani. Tulitoa mara moja kwa wiki, si kila mfuko. Katika kila kilo ilibaki elfu tatu na kidogo, si ile sita niliyoringia mwanzoni, lakini ilibaki kweli, unaishika. Kila gari lilipokuja tulinunua magunia yetu mawili na pindo likabaki na kitu. Nilielewa wakati huo kwamba mauzo ni hela inayopita kwako kwenda kwa wengine, na unaweza kuishangilia miezi mizima huku inakuaga.

Nyota zikaanza kupungua. Nne. Tatu. Mama alipouliza, "Wamesemaje leo?" nilianza kudanganya. Nilisema hawajaandika. Halafu yule dada wa Dar, wa bibi yake, akaandika, hakulalamika hata: "Mama, siku hizi hakuna nyongeza? Au mama mwenyewe anaumwa?" Hiyo nilishindwa kuificha. Nikamsomea.

Mama aliweka ungo chini. Akasema, "Mwambie asubiri."

"Asubiri nini?"

"Wewe mwandikie. Asubiri."

Nikaandika hivyo, nikijiona mjinga.

Fundi alianza kazi mawingu yakiwa yameshajaa upande wa milima. Tulikwenda Mshangano kila asubuhi, mimi na Mama, tunachota maji, tunampelekea uji. Alipandisha tofali, akapiga plasta, akasimika msalaba wa saruji, na jina la Baba likachongwa herufi zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Siku ya kumaliza, alipokuwa analainisha juu kwa mwiko, Mama alimwendea.

"Shemeji, nguvu ipo hapo? Mvua haitalila?"

"Haitalila, shemeji. Hili wajukuu watalikuta."

Mama akafungua pindo, akamlipa chake chote. Fundi akakusanya karai na koleo zake, akatuaga, akaondoka. Mimi nilikuwa nafagia mabaki ya saruji. Nilidhani Mama anasali, kwa hiyo nilipunguza kelele ya fagio, na ndivyo nilivyosikia.

"Baba," alikuwa anamwambia, kwani ndivyo alivyomwita siku zote, "watu wako nimewapunja. Kiganja chako nimekizuia ili upate nyumba. Usiniulize kwa hasira tukionana. Hesabu ilikataa."

Nilisimama na fagio langu. Hesabu ilikuwa yangu. Ilikuwa sahihi, hata leo ukinipa ungo nitakupigia tena na haitabadilika. Nililia kuliko siku ya kuzika. Mama hakugeuka, aliniacha nilie.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ileile. Tulikaa barazani tukiisikiliza inavyopiga bati, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Mama hakuulizia kaburi. Aliuliza kitu kingine.

"Yule uliyemwambia asubiri. Ameagiza tena?"

"Ameagiza. Kilo moja. Nilikuwa nataka kuifunga kesho."

"Ilete sasa."

Nikaleta mfuko na mizani. Mama akapima. Mizani ikatulia kwenye kilo. Mkono ukaanza safari yake, ukafika ukingoni mwa gunia. Ukaingia. Ukatoka umejaa, kiganja kizima kama cha Baba, ukamwaga juu.

"Hela ya hii usiitoe kwenye ya biashara," akasema. "Itoe kwenye ya kwangu. Ya kilo ya pili pia."

"Sawa, Mama."

Nikafunga mfuko kwa gundi, nikaandika jina la yule dada. Asubuhi yake niliupeleka mjini kwa bodaboda, mvua inanyesha, nimeukumbatia ndani ya koti. Dada wa kaunta aliuweka kwenye mizani, akaangalia, akainua macho kwangu.

"Umezidi," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Andika mbili."